Kibofu cha nyongo kilichojaa usaha na moyo usiohimili kisu: uchambuzi wa kisa kimoja

Mgonjwa wa kisa hiki ni bibi wa miaka 76, mkazi wa Dar es Salaam, aliyefikishwa hospitali ya rufaa siku ya nne ya ugonjwa wake akiwa amejikunja, mkono wa kulia umekandamiza chini ya mbavu. Nimemjenga kwa kuunganisha mambo ya wagonjwa kadhaa wa aina yake ili asitambulike mtu, lakini vipimo vyake na maamuzi yaliyotukabili ni yale yale tunayokutana nayo wodini. Kabla ya kufika kwetu alikuwa amepita vituo viwili, na vyote viwili vilimpa dawa za vidonda vya tumbo, jambo ambalo halinishangazi, kwa kuwa maumivu ya juu ya tumbo yanayoambatana na kichefuchefu kwetu hupewa jina hilo kabla mtu hajapanda kitandani kupimwa.

Kilichofanya ugonjwa wake uwe mgumu kuliko ilivyo kawaida hakikuwa tumboni. Wiki sita nyuma alipata shambulio la moyo, akazibuliwa mshipa na kuwekewa stenti, yaani kijibomba kinachouweka mshipa wazi, na tangu hapo alikuwa akimeza aspirini na klopidogreli, dawa mbili za kuzuia damu kuganda, kila siku bila kukosa. Moyo wake ulikuwa ukisukuma asilimia 25 tu ya damu inayojaa katika chumba cha kushoto kwa kila pigo, ilhali kwa mtu mwenye afya kiwango hicho huwa zaidi ya 50. Alikuwa pia na kisukari cha miaka mingi kilichokwisha kugusa macho. Mjukuu wake, msichana wa kidato cha nne ambaye ndiye aliyekuwa akimtunza dawa, alizitoa zote kutoka kwenye mfuko wa nailoni na kuzipanga mezani kwa mpangilio wa asubuhi, mchana na usiku. Nalitaja hili mapema kwa sababu msichana huyu atarudi tena katika maelezo haya.

Joto lake lilikuwa nyuzi 38.9, mapigo ya moyo 118 kwa dakika, presha 92 kwa 58, na alikuwa akipumua mara 26 kwa dakika. Nilipoweka vidole chini ya mbavu za kulia na kumwomba avute pumzi, aliikata katikati na kuudaka mkono wangu, akasema, "Hapo hapo, mwanangu, usiguse tena." Chembe nyeupe za damu zilikuwa 21,000. Kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya figo, ilikuwa mikromoli 212 kwa lita, wakati kipimo cha miezi miwili nyuma kilichokuwa ndani ya faili lake la kliniki ya moyo kilionyesha 104. Altrasaundi ilionyesha kibofu cha nyongo kilichovimba hadi urefu wa sentimita 11, ukuta wake una unene wa milimita 7 badala ya 3 au pungufu, maji kidogo yamekizunguka, na jiwe la milimita 18 limenasa shingoni mwake. Mrija mkuu wa nyongo ulikuwa mwembamba, hivyo hapakuwa na dalili kwamba jiwe jingine limeteremka na kuuziba.

Kwa mujibu wa Mwongozo wa Tokyo wa 2018, ambao ndio tunaoutumia kupanga ukali wa ugonjwa huu wa kuvimba kwa kibofu cha nyongo, mgonjwa huyu alikuwa katika daraja la tatu, yaani daraja la juu kabisa. Sababu ilikuwa figo: kreatinini inayozidi miligramu 2 kwa desilita, ambayo ni sawa na 177 katika kipimo tunachotumia sisi, huhesabiwa kuwa kiungo kimeanza kushindwa kazi. Na kwa kuwa faili lake lilikuwa na kipimo cha zamani, tuliweza kusema kwa uhakika kwamba kushindwa huko ni kwa siku hizi nne wala si kwa kisukari cha miaka yote. Bila karatasi ile tungeweza kudanganyika.

Je, kweli hakufaa kwa upasuaji?

Swali hili ningependa liulizwe kabla ya mazungumzo yoyote ya mpira au stenti ya kutolea usaha kibofuni, kwa sababu maneno "hafai kwa upasuaji" huandikwa kwenye mafaili yetu kwa wepesi mno. Mara nyingi maana yake halisi ni kwamba mgonjwa ni mzee, ni saa nane ya usiku, na mtaalamu wa usingizi hajaafiki. Hiyo ni hofu, na hofu ina nafasi yake, ila isivishwe joho la ushahidi.

Ushahidi wenyewe unaelekea kwingine. Jaribio lililofanyika Uholanzi na kuchapishwa mwaka 2018 kwa jina la CHOCOLATE lilichukua wagonjwa 142 wenye hatari kubwa, likawagawa kwa kura: baadhi waliondolewa kibofu kwa upasuaji wa matundu madogo, na wengine waliwekewa mpira kupitia ngozi. Wachunguzi walilisimamisha kabla halijafika mwisho, kwa sababu tofauti ilikuwa kubwa kiasi cha kutoruhusu kuendelea: madhara makubwa yaliwapata asilimia 12 ya waliopasuliwa, lakini yaliwapata asilimia 65 ya waliowekewa mpira. Ugonjwa wa nyongo uliwarudia asilimia 5 upande mmoja na asilimia 53 upande wa pili. Vifo havikutofautiana kiasi cha kutolewa hukumu. Mtu akisoma matokeo hayo kwa haraka ataona kwamba kisu ndicho jibu kwa kila mtu, na miongozo iliyofuata kweli imewasukuma madaktari kuelekea huko, hata kwa wazee na wenye magonjwa mengine.

Hata hivyo, bibi huyu hakuwa miongoni mwa wale 142. Jaribio lile liliwachukua wagonjwa ambao alama zao za ukali, kwa kipimo kiitwacho APACHE II, zilikuwa kati ya 7 na 14, na waliozidi hapo waliachwa nje. Tulipozijumlisha alama za bibi huyu kwa umri, figo, mapigo, joto na chembe nyeupe, zilipita 15 bila kutafutwa. Zaidi ya hapo kulikuwa na stenti ya moyo yenye umri wa wiki sita. Upasuaji usio wa dharura kwa mtu aliyezibuliwa mshipa baada ya shambulio la moyo huahirishwa kwa miezi mingi, na hata ule usioweza kungoja sana hupendekezwa usiguswe kabla ya miezi mitatu, kwa kuwa kuzikatiza dawa mbili za kuzuia damu kuganda mapema hivyo kunaweza kuiziba stenti ghafla, na hilo likitokea moyo wenye nguvu ya asilimia 25 haustahimili. Bingwa wa moyo alipoulizwa alijibu kwa sentensi moja: klopidogreli isisimame hata siku moja.

Kwa hiyo jibu letu lilikuwa kwamba hakufaa kwa upasuaji, lakini tuliongeza neno moja kwenye faili, nalo ni "kwa sasa". Neno hilo ndilo lililoamua karibu kila kitu kilichofuata, na ninaamini kwamba madaktari wawili wakikosana kuhusu njia ya kutoa usaha kwenye kibofu, chanzo cha kukosana kwao huwa ni neno hilo kuliko ufundi wenyewe.

Njia zilizokuwapo

Alianzishiwa antibiotiki ya sindano na maji ya dripu kwa uangalifu mkubwa, chupa ya nusu lita kwa wakati, huku mapafu yakisikilizwa kila baada ya muda, kwani maji yanayookoa figo ndiyo hayo hayo yanayoweza kumzamisha mwenye moyo dhaifu. Wagonjwa wengi wenye uvimbe wa kibofu ulio mwepesi hupata nafuu kwa dawa peke yake. Yeye presha ilipanda kidogo, lakini baada ya saa 36 homa ilikuwa pale pale na maumivu yameenea. Usaha uliofungiwa nyuma ya jiwe haufikiwi vizuri na dawa inayosafiri kwenye damu; lazima upewe njia ya kutoka.

Kumfungulia mgonjwa kibofu bila kukiondoa ni jambo la zamani kuliko kukiondoa. John Bobbs alikifungua kibofu na kutoa mawe huko Indianapolis mwaka 1867, miaka 15 kabla Carl Langenbuch hajakiondoa kizima kwa mara ya kwanza Berlin mwaka 1882. Leo njia za kukifungua ni tatu, ukiacha ile ya daktari wa upasuaji kupasua sehemu ndogo kwa ganzi na kushona mpira ndani, ambayo bado ina thamani yake katika hospitali ya wilaya isiyo na mtu wa kuongoza sindano kwa altrasaundi, na ambayo sioni sababu ya kuionea aibu.

Ya kwanza ni mpira unaopitishwa kwenye ngozi. Sindano huongozwa kwa altrasaundi, hupita kwenye ini na kuingia kibofuni, waya mwongozo hupitishwa ndani yake, kisha mpira mwembamba wenye ncha inayojikunja kama mkia wa nguruwe huachwa humo. Hufanyika kitandani kwa ganzi, bila nusu kaputi, na mikononi mwa mzoefu ni nadra sana kushindikana. Mwongozo wa Tokyo unaihesabu kuwa njia ya kawaida kwa wasiofaa kwa upasuaji. Tatizo lake kwa bibi huyu lilikuwa damu: sindano inayochoma ini la mtu anayemeza aspirini na klopidogreli inabeba hatari ya kuvuja damu ambayo hakuna anayeweza kuiondoa, anaweza kuipunguza tu.

Ya pili hupitia kinywani. Kamera hushushwa hadi kwenye utumbo wa mwanzo, waya huingizwa kwenye mlango wa mrija wa nyongo, hupandishwa hadi kwenye kijia cha kibofu, kisha stenti ndefu ya plastiki huachwa ikiunganisha kibofu na utumbo. Hakuna kinachochomwa, kwa hiyo kwa mwenye damu isiyoganda, au mwenye maji tumboni kwa ugonjwa wa ini, ndiyo njia inayopendelewa. Kwenye karatasi, basi, bibi huyu alikuwa wake kabisa. Kitandani mambo yalikuwa mengine. Njia hii humtaka mgonjwa alale kifudifudi au kwa ubavu chini ya dawa ya kumtuliza, kwa muda usiojulikana mapema, na yeye hakuweza hata kulala chali bila mito miwili. Tena waya lazima upite pale pale jiwe liliponasa. Hata mikononi mwa mabingwa, kati ya wagonjwa 10 wawili hivi kijia hicho hakipitiki, na jiwe la milimita 18 lililokaa shingoni halikutupa matumaini ya kuwa miongoni mwa wale wanane. Ipo pia hatari ya kuamsha uvimbe wa kongosho, ambao humpata mgonjwa mmoja mmoja kati ya wanaofanyiwa kazi ya aina hii, na kwa moyo ule ungekuwa msiba juu ya msiba.

Ya tatu ndiyo mpya. Kamera yenye altrasaundi kwenye ncha yake hushushwa tumboni, hukitazama kibofu kupitia ukuta wa tumbo au wa utumbo, kisha stenti fupi ya chuma, iliyopanuka ncha zote mbili kama kigurudumu cha kushonea uzi, hutobozwa na kuachwa ikizishikamanisha kuta mbili. Usaha, na baadaye hata mawe, hushukia utumboni. Hakuna mpira unaoning'inia. Jaribio lililoongozwa kutoka Hong Kong na kuchapishwa mwaka 2020 liliilinganisha na mpira wa kwenye ngozi kwa wagonjwa wapatao 80 wenye hatari kubwa: kwa mwaka mmoja, madhara yaliwapata asilimia 25.6 ya waliowekewa stenti hii, dhidi ya 77.5 ya wenye mpira, na ugonjwa uliwarudia asilimia 2.6 dhidi ya 20. Vifo katika siku 30 havikutofautiana. Mwaka 2022 chama cha Ulaya cha wataalamu wa endoskopia, yaani kazi ya kamera inayoshushwa tumboni, kilipendekeza kwamba pale njia zote mbili zinapopatikana, hii itangulizwe. Maneno "zinapopatikana" hapo hayakuwekwa kwa heshima ya sarufi. Hospitalini kwetu haikuwapo.

Ilibaki fikra moja ndogo ambayo wengi huisahau, yaani kukinyonya kibofu kwa sindano nyembamba na kuichomoa bila kuacha kitu. Ilitushawishi kwa sababu ya klopidogreli: tundu dogo, damu kidogo. Lakini usaha mzito haupiti kwenye sindano nyembamba, na jaribio la Japani lililochapishwa mwaka 2004 lilionyesha kwamba wanaoachiwa mpira hupata nafuu zaidi kuliko wanaonyonywa mara moja. Tuliiweka kama akiba, endapo mpira ungeshindikana.

Tuliamua mpira wa kwenye ngozi, tukijua hatari yake. Ni haki niseme kwamba miaka michache tu nyuma uamuzi huu usingekuwapo wa kuamuliwa. Nchi haikuwa na mafunzo ya tiba radiolojia, yaani tiba ya kupitisha sindano na mipira kwa kuongozwa na picha, hadi Oktoba 2018, timu za walimu kutoka Chuo Kikuu cha Yale zilipoanza kuja Muhimbili kufundisha, na mwaka uliofuata Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kikaanza kutoa shahada ya uzamili katika fani hiyo. Bibi kama huyu, kabla ya hapo, angepasuliwa kwa kubahatisha au angeachiwa antibiotiki na dua.

Siku ya mpira

Mtaalamu wa tiba radiolojia alipitia kwenye ini, si pembeni yake. Kupitia ini kunamaanisha kuchoma kiungo chenye damu nyingi, na kwa mtu anayevuja damu kirahisi wapo wanaochagua kulikwepa. Lakini ini linaushika mpira vizuri, na endapo nyongo itavuja, huvujia ndani ya ini badala ya kumwagika tumboni. Alichagua kipande chembamba cha ini, akachoma mara moja tu, na akakataa kurudia sindano ili apate picha nzuri zaidi. Kwangu kuchoma mara moja ndiko kulikomwokoa bibi na damu kuliko kitu kingine chochote. Uliwekwa mpira wa upana wa karibu milimita 3, na palepale ulitoka usaha wa rangi ya kahawia wenye harufu, mililita 180, ukionekana kupanda kwenye bomba la sindano bila kuvutwa kwa nguvu. Bibi aliyekuwa ameshikiliwa mkono na muuguzi alipumua pumzi ndefu ya kwanza tangu ugonjwa uanze.

Homa ilikatika kesho yake jioni. Maabara ilipootesha usaha ule ilipata bakteria aina ya E. koli asiyesikia antibiotiki tuliyoanza nayo, ikabidi tubadilishe. Faida hii ya mpira husahaulika, kwamba pamoja na kutoa usaha hutuletea ushahidi wa nani tunapigana naye. Siku ya saba kreatinini ilikuwa 121, na siku ya tisa akaruhusiwa kwenda nyumbani akiwa na mpira, mfuko wake, na mstari wa kalamu ya wino tuliouchora kwenye mpira pale unapogusana na ngozi, ili mtu yeyote aweze kuona kama umesogea.

Nyumbani

Makala za kitaalamu zikifika hapa huandika kwamba mgonjwa aliruhusiwa na mpira, kisha huruka hadi wiki ya sita. Wiki hizo sita ndizo ugonjwa wenyewe kwa mgonjwa na watu wake.

Swali lake la kwanza kabla ya kutoka halikuwa la maumivu. Aliuliza atasalije, wakati uchafu unatoka mwilini mwake saa zote na kukaa kwenye mfuko kiunoni. Sikuwa na mamlaka ya kujibu, nikamshauri amuulize shehe wake. Alirudi na jibu kwamba yeye ni mwenye udhuru wa kudumu, atatia udhu kwa kila sala na kusali, na tangu siku ile aliukubali mpira. Ninaamini kwamba bila jibu hilo angekuja kutuomba tuutoe, au angeutoa mwenyewe.

Mjukuu alifundishwa kusafisha mpira kwa mililita 5 za maji ya chumvi, na kuandika katika daftari la shule kiasi na rangi ya kinachotoka. Siku ya 16 mfuko ulinasa kwenye bajaji wakati bibi akishuka, na mstari wa wino ukaonekana umeacha ngozi kwa sentimita nne. Katika kituo cha karibu mtu alitaka kuurudisha ndani kwa kuusukuma. Msichana alikataa, akaufunga kwa plasta ulivyo na kumleta kwetu. Alikuwa amesema sawa kabisa, kwa kuwa kusukuma ndani sehemu iliyokuwa nje ni kuingiza uchafu wa ngozi kwenye kibofu, na ncha inaweza kutoboa upande wa pili. Waya ulipitishwa ndani ya mpira uliobaki na mpya ukawekwa juu yake. Kama ungechomoka wote siku ile, njia isingekuwa imekomaa, kwani huchukua wiki tatu au zaidi kujijengea ukuta wake, na kwa mwenye kisukari hukawia zaidi.

Ajali hii moja ilinifanya nizisome upya zile asilimia 77.5 za Hong Kong. Mtu akiwa mbali na mgonjwa anaweza kudhani ni kasoro za waliouweka mpira, kumbe sehemu kubwa ni bajaji, ni usingizi, ni mtoto aliyekalia mfuko.

Wiki ya sita

Daftari ndilo lililotuambia kabla ya eksirei. Wiki ya kwanza mjukuu aliandika "kahawia", ya pili "njano chafu", na kuanzia ya tatu, kila siku, "ute mweupe, 20" au "ute, 30". Kama njia ya kibofu ingekuwa imefunguka, nyongo ya kijani ingerudi na kiasi kingeongezeka. Ute mweupe ni maji ya ukuta wa kibofu peke yake, yaani mlango bado umefungwa na jiwe. Dawa ya kuonekana kwenye eksirei ilipopitishwa kwenye mpira, ilijaa kibofuni na kukomea kwenye jiwe lile lile, haikushuka tone. Maana yake ilikuwa kwamba mpira hautolewi. Kuutoa wakati shingo imeziba ni kumrudisha mgonjwa siku ya nne ya ugonjwa wake.

Hapa ndipo mwanawe aliyeko Muscat alipopiga simu. Alikuwa amesoma kuhusu stenti ya chuma, amekwisha kuulizia, na yuko tayari kumchukua mama yake: kwa nini abaki na mfuko kiunoni wakati upo ufumbuzi unaokaa ndani? Lilikuwa swali zuri kuliko mengi tunayoulizana wenyewe kwenye vikao. Kubadilisha mpira wa nje kuwa stenti ya ndani ni jambo linalofanyika, na lingempunguzia adha. Kama mgonjwa angekuwa na miaka 88, amepoteza kumbukumbu, anavuta mpira usiku, na moyo wake hauna tumaini la kupanda, ningemwambia mwanawe asikawie hata wiki moja.

Lakini kuna neno lile letu kwenye faili, "kwa sasa". Stenti inayotoboa ukuta wa tumbo au wa utumbo na kuushikiza kwenye kibofu hugeuza upasuaji wa baadaye kuwa kazi nyingine: daktari wa upasuaji atakuta kibofu kimeungana na utumbo, na atalazimika kufunga tundu la utumbo pamoja na kukiondoa. Inawezekana, ila si zawadi unayompa mtu ambaye moyo wake umeanza kuamka. Na wa bibi huyu ulikuwa umeanza. Kipimo cha wiki ya sita kilionyesha asilimia 32. Nilimweleza mwanawe kwamba mpira una adha zaidi kwa mama yake leo, na una adha ndogo kwake siku ya kisu. Stenti ni kinyume chake. Tulikubaliana kungoja hadi mwezi wa tano tangu mpira kuwekwa, na kama moyo usingepanda zaidi, basi tungezungumza tena habari za Muscat. Sikuwa na hakika kamili, wala sikumficha hilo.

Mpira ulibadilishwa mara moja, mwezi wa tatu, kabla haujaziba. Mwezi wa tano moyo ulifika asilimia 41, naye alikuwa akipanda ngazi za ghorofa ya kwanza ya kliniki kwa pumzi moja. Bingwa wa moyo aliruhusu klopidogreli isimamishwe siku tano kabla, aspirini iendelee. Upasuaji ulifanyika mwezi wa sita tangu mpira kuwekwa, kwa matundu madogo, chini ya mtaalamu wa usingizi aliyezoea wagonjwa wa moyo, saa mbili asubuhi wala si usiku wa manane.

Haukuwa rahisi. Kibofu kilikuwa kimeganda kwenye ini na kwenye njia ya mpira, na eneo ambamo kijia cha kibofu na mshipa wake huonekana kabla ya kukata lilikuwa makovu matupu. Daktari wa upasuaji hakulazimisha. Alikifungua kibofu, akatoa jiwe, akakata sehemu kubwa ya ukuta na kuacha kipande cha shingo kilichofungwa kwa uzi, kwa sababu kujeruhi mrija mkuu wa nyongo ni kosa baya kuliko kuacha kipande. Mpira wa miezi sita ulitolewa pale pale mezani. Bibi alikaa usiku mmoja katika chumba cha uangalizi maalumu na akaruhusiwa siku ya tano.

Daftari la mjukuu tumelihifadhi ndani ya faili lake. Mstari wa mwisho una tarehe ya kulazwa kwa upasuaji, na mbele yake maneno, kwa mwandiko ule ule wa shule: "ute, 20".